Kifo cha Vera, Ukurasa wa Kumi na Saba

Siku Rosalba Pisani alipotukanwa na mtu asiyemjua, mtukanaji alikuwa na haradali kidevuni.

Ilikuwa saa saba mchana, Machi 1972, katika mkahawa wa Lipsky jijini New York, saa ambayo makarani na wapiga chapa wa mtaa mzima hugombea viti vya kaunta kana kwamba ni mirathi ya babu. Rosalba alivaa koti la mvua la njano, sketi fupi ya rangi ya chungwa, na viatu vya raizoni vilivyomrudishia kimo alichodhulumiwa na ukoo wake. Kwapani alibana mkoba mpana wa karatasi. Jirani yake wa kaunta, kijana mrefu mwenye suruali ya bugaluu na kola pana kama masikio ya tembo, alikuwa akimlalamikia muuzaji huku mkate na nyama vimemjaa mdomoni.

"Nakwambia, Sol, yupo mzee mmoja anaitwa R. Pisani. Kazi yake kuandika herufi kwenye kurasa zangu. Mimi nachora mji mzima, madirisha mia tatu, moja moja! Pisani anakuja na kiputo chake cha maneno, pwaa! Kimefunika mji."

"Labda macho yamemwishia nguvu," alisema Sol.

"Macho? Huyo nadhani alishakufa zamani. Umebaki mkono tu."

Rosalba alitua kikombe chake.

"Madirisha mia tatu," alisema, "na mlango hata wa dawa. Watu wa mji wako wanaingilia wapi, kaka? Kwenye bomba?"

Kijana akageuka. "Samahani, dada?"

"Na neno 'hatari' halijawahi kuwa na H mbili. Miezi minane nasahihisha uchafu wako, Irwin Zelnik. Mimi ndiye mzee Pisani. Nimefufuka nije nile."

Irwin Zelnik alimeza tango zima la siki bila kulitafuna. Sol alimpiga mgongoni, lakini si kwa huruma.

Hawakuwahi kuonana kwa sababu kazi yao ilikuwa hivyo. Katika vitabu vya katuni, mchoraji huchora hadithi nzima kwa penseli nyumbani kwake, na pambizoni huandika kinachotokea, ili ofisi ijue maneno gani ya kutia. Tarishi hupeleka kurasa kwa mwandishi wa herufi, naye huandika akiwa kwake. Baadaye pambizo zote hupitiwa na raba, na msomaji haoni kitu. Kwa hiyo wawili hawa walikuwa wamekaa pamoja miezi minane juu ya karatasi zilezile, kama mume na mke wa zamu, mmoja hatoki hadi mwingine aingie.

Baada ya siku hiyo pambizo zilibadilika. Shujaa wao aliitwa Bwana Rada, jitu la kifua kipana lenye kusikia hatari umbali wa maili tatu. Pembeni ya picha yake akipasua ukuta, Irwin aliandika: "Rada anapasua ukuta. Jumamosi una nafasi?" Rosalba alijibu kwa penseli: "Ukuta umekosewa. Jumamosi ninayo." Irwin akalisoma jibu ofisini alipopeleka kurasa mpya, kisha raba ikafuta. Mwezi uliofuata: "Rada anaruka. Jana ulipendeza hadi nikasahau kituo cha kushuka." Naye: "Ulishuka wapi, jamani?" "Queens, mwisho wa reli." Raba ikafuta hiyo pia, na taifa halikupata hasara.

Halafu mchumba wa Bwana Rada, mwandishi wa habari aitwaye Vera, akaanza kubadilika. Kwanza akaota mwanya. Kisha akapata kidoti chini ya jicho la kushoto, na koti la mvua la njano.

"Irwin," Rosalba alimuuliza kwenye simu, "huyu Vera ana undugu na mtu?"

"Sijui unasema nini, mpenzi."

"Amevaa koti langu."

"Basi umshitaki. Nitakuwa shahidi wake."

Rosalba hakuwahi kukiri, lakini tangu siku ile herufi za Vera zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote kitabuni. Alipokuwa msichana alisoma hadithi hizi akitafuta mwanamke wa kumwiga, akawapata wasichana wanaofungwa kamba, wanaofunguliwa kamba, na wanaouliza "Ni nini hicho?" Sasa palikuwa na mmoja mwenye mwanya wake, anayejibu. Mwanya huo shuleni ulimtoa machozi. Sasa watoto wa mikoa ambayo hakuijua waliununua kila mwezi pamoja na peremende.

Aprili 1973 tarishi alileta kurasa za toleo la tisini na tano. Vera amefungiwa ndani ya njia ya reli chini ya mto, na maji yanapanda. Rosalba alisoma kwa pupa hadi ukurasa wa kumi na saba, kisanduku cha mwisho, kile kikubwa. Bwana Rada amepiga magoti. Mikononi mwake Vera amelala, koti la njano likidondosha maji, mdomo wazi kidogo, mwanya ukionekana.

Amekufa.

Pambizoni palikuwa na mshale mrefu wa penseli ukielekea kisanduku kile, na mwandiko wa Irwin, huo wenye H zisizohitajika: "HILI NI WAZO LANGU MWENYEWE. NAOMBA LISIGUSWE. KWA AJILI YA R."

Alisoma mara tatu. Kisha akainua simu ya jikoni kwa mama yake, Brooklyn, alikoishi, na kupiga namba.

"Mpenzi!" Irwin aliitika. "Umefika wa kumi na saba?"

"Nimefika."

"Ehe? Umeonaje?"

"Wewe ulichora hiki kitu ukiwa na akili zako?"

"Nilichora nikilia, Rosalba! Nakuapia. Machozi yalidondokea karatasi."

"Ulilia."

"Kwa furaha! Nilijiambia, huyu ndiye Rosalba wangu, nimempata kamili. Yupo vile nilivyotaka siku zote."

Kwenye jiko sosi ya nyanya ilichemka taratibu.

"Vile ulivyotaka siku zote," alirudia Rosalba. "Mungu akupe unachostahili, Irwin Zelnik. Na akupe kwa wingi."

Akakata. Simu ikalia tena papo hapo. Mama yake, Bi Filomena, aliyekuwa na kijiko mkononi na masikio mazuri kuliko ya Bwana Rada, aliipokea.

"Hayupo," alisema. "Ndiyo, nasikia anapiga kelele, lakini hayupo."

Siku tatu Rosalba hakuwepo kwa namna hiyo. Aliosha sufuria safi. Aliwagombeza njiwa dirishani.

"Mwanangu, ni karatasi," alisema mama yake.

"Ni mwanya wangu, Mamma! Wamemuua kwa nini? Hana ugonjwa, hana kosa, habari ya maana hajamaliza hata kuandika! Wamemuua ili yule jabali apate uso wa majonzi kwa matoleo mawili. Mwanamke mzima anakufa, na hadithi inamuuliza mwanamume: pole, unajisikiaje?"

"Hata huku mtaani ndivyo. Baba yako alipopasuliwa nyongo, mimi ndiye niliyepewa pole."

"Si sawa na hiyo, Mamma."

"Najua. Nakuchekesha tu. Kula."

Ijumaa asubuhi kurasa zilitakiwa ofisini kabla ya saa kumi. Rosalba aliketi kwenye meza yake ya kuchorea, nywele zimefungwa kitambaa, taya zimekaza. Angeandika neno la mwisho la Bwana Rada, angelipeleka, asingegusa tena kazi ya Zelnik maisha yake yote. Alichovya nibu kwenye wino, akaanza kupiga mstari wa kiputo.

Nibu ikakwama.

Ilikwama kama kisigino kwenye ufa wa lami, ikatema wino. Rosalba alipitisha kidole. Katikati ya karatasi nzito, pale pasipotakiwa kuwa na kitu, palikuwa na ukingo, mwembamba kuliko ukucha. Kwa siku tatu hakuwa ameugusa ukurasa ule ila kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika panya aliyekufa.

Akachukua wembe. Akachokonoa gundi pole pole, akashikilia pumzi, akabandua.

Chini yake palikuwa na kisanduku kingine. Maji yaleyale, koti lilelile. Vera amekanyaga ukuta kwa mguu mmoja na kwa mguu wa pili anapiga teke mfuniko wa chuma, umefunguka, mwanga unaingia. Meno yote nje, na mwanya. Nyuma kabisa, mdogo kama inzi, Bwana Rada ndiyo kwanza anafika, mikono imenyooshwa, hana cha kubeba.

Nyuma ya kipande kilichobanduliwa mtu aliandika kwa wino wa bluu: "Msichana afe. Shujaa apate sababu."

Alipiga simu.

"Njoo," alisema. "Sasa hivi. Uje na brashi."

"Sasa upo?"

"Irwin, usinichekeshe, nina wembe mkononi."

Alifika kwa treni akihema, shati limefungwa vifungo kombo. Rosalba alimwonyesha maiti kwanza. Irwin akaiangalia, rangi ikamtoka, kisha ikarudi yote kwa pamoja.

"Huu si mkono wangu. Tazama vidole, kama ndizi! Na huu wino ni wa Trumbull." Haskell Trumbull alikuwa mhariri wao. "Aliniambia Vera afe, nikakataa. Akasema sawa, chora utakavyo. Nikamshukuru, Rosalba! Nilimshika mkono yule mtu!"

"Nami nikadhani ndiyo sura unayonitakia."

"Siku tatu umedhani nililia kwa furaha kwa ajili ya..." Alikaa kwenye kiti cha Bi Filomena. "Ungeniuliza."

"Ungenieleza!"

"Kwa nani? Kwa mama yako? Jana aliniimbia kwenye simu!"

"Hukustahili wimbo huo," alisema Bi Filomena kutoka jikoni. "Leo nitakuimbia mwingine."

Gundi ilikuwa imekula kipande cha mguu wa Vera. Irwin aliuchora upya. Rosalba alikaa ubavuni mwake, bega kwa bega, mara yao ya kwanza kufanya kazi juu ya meza moja, na akagundua kwamba Irwin hutoa ulimi anapochora magoti. Wino ulipokauka alichukua kalamu. Maneno ya ofisi, yale ya Bwana Rada ya "Nimeshindwa kukuokoa!", aliyaacha bahashani. Kwa Vera aliandika: "UNAOMBWA UONDOKE MLANGONI. NAPITA."

Ofisini Trumbull alikuwa ameshaondoka kwenda kuvua samaki. Msahihishaji alitafuta koma, hakutafuta maiti. Raba ikapita pambizoni. Kitabu kikaenda mtamboni.

Juni kikatoka. Vera yu hai, kavunja mfuniko. Julai likatoka la tisini na sita, lililokuwa limeshachorwa na mkono mwingine tangu Mei: mazishi ya Vera, mvua, miavuli, Bwana Rada akilia kurasa tisa. Barua zikaja kwa magunia. Msichana mmoja wa Ohio aliandika hivi: "Mpendwa Mhariri, mwezi uliopita nilimwona akitoka kwa miguu yake. Mnamzika nani?"

Trumbull aliwaita. Alikuwa na miwani mikubwa na meza kubwa zaidi, na barua ya Ohio ilikuwa mbele yake.

"Nani?"

"Mimi," alisema Irwin.

"Mimi," alisema Rosalba. "Huyu hajui hata kuandika 'hatari'."

"Binti, mwandishi wa herufi kazi yake ni herufi. Msichana akifa, wasomaji wanatokwa machozi. Ndiyo hadithi."

"Basi siku moja ufe wewe, Bwana Trumbull, uone kama utajiona hadithi. Na umjibu mtoto wa Ohio. Mimi ningependa kusoma jibu."

Trumbull akawasukumia barua mbili za kuwaachisha kazi.

Kwenye ngazi Rosalba alishuka kwa kishindo, ghorofa sita, akitoa hoja ambazo hakupata nafasi ya kuzitoa juu. Irwin alifuata. Ghorofa ya pili akasimama ghafla, Irwin akamgonga.

"Zelnik, utanioa?"

"Unaniposa au unanigombeza?"

"Jibu!"

"Ndiyo! Mama yangu atazimia, lakini ndiyo."

"Wangu ameshazoea. Lakini sikia sharti. Siku nikianguka mtoni, usije ukapiga magoti na kunililia vizuri. Nitaogelea mwenyewe."

"Mimi nifanye nini?"

Rosalba alifikiri kwa dhati, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"Nishikie viatu," alisema.