Mtoto wa Kulungu Juani

Kila Jumamosi asubuhi na mapema, Jokha na baba yake walipanda basi kutoka Kingstanding hadi hifadhi ya Sutton. Baba yake, Mbarouk, alikuwa mpiga picha kule Unguja kabla ya kuhamia Birmingham, Uingereza. Sasa alifanya kazi ghalani, lakini kamera yake hakuiacha. Alimfundisha binti yake kupiga picha za kulungu wa mwituni kwa mwanga wa jua tu, bila taa ya kamera, kwa kuwa taa huwatia hofu.

Mwezi Juni mwaka 2005, shule ya Jokha ilitangaza mashindano ya picha za wanyama. Jokha alikuwa na miaka kumi na miwili, mgeni darasani, na hakuna aliyemjali. Alitaka sana kushinda.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano, baba alitangulia upande wa bwawa. Jokha alibaki nyuma, na hapo akamwona mtoto wa kulungu amejikunja katikati ya majani marefu, ana madoa meupe mgongoni, hatikisiki. Lakini pale palikuwa na kivuli kizito, picha ingetoka nyeusi. Hatua kumi mbele, jua lilikuwa limeenea kwenye nyasi fupi kando ya njia.

Jokha aliyakumbuka maneno ya baba, kwamba mtoto wa kulungu akionekana peke yake haguswi, maana mama yake ndiye aliyemficha na atamrudia. Akatazama huku na huku, akamnyanyua. Alikuwa mwepesi kama paka, na moyo wake ulimdunda viganjani mwa Jokha. Akamlaza juani, akapiga picha tatu. Kabla hajamrudisha, akamsikia baba anamwita. Akaogopa kuonekana, akamwacha palepale, akakimbia.

Siku ya Jumatano picha ilishika nafasi ya kwanza, na Jokha akapewa zawadi. Ilikuzwa, ikatundikwa ukutani karibu na mlango wa shule. Wanafunzi ambao hawakuwahi kumsemesha sasa walimzunguka. Baba aliitazama kwa muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata, mlinzi wa hifadhi aliwasimamisha langoni. Aliwaeleza kuwa wiki iliyopita mbwa alimuua mtoto wa kulungu kando ya njia, kwenye nyasi fupi. Alishangaa, kwa sababu kulungu hamfichi mtoto wake mahali peupe namna ile. Kwa siku tatu mama yake alikuwa akirudi pale, akinusa nyasi.

Hawakupiga picha siku hiyo. Ndani ya basi Jokha alilia, uso ameuelekeza dirishani. Alizoea kumjibu baba yake kwa Kiingereza, lakini sasa alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Baba, ni mimi. Nilimtoa kivulini nikamweka juani."

Baba alimsogelea. "Nilipoiona ile picha nilishuku," alisema. "Nikakaa kimya kwa kuwa nilikuona umefurahi. Hapo na mimi nimekosea."

Jumatatu walikwenda pamoja kwa mwalimu. Jokha alisimulia yote, akarudisha zawadi, na picha ikateremshwa. Baadhi ya wenzake walimkwepa tena. Msichana mmoja tu, Aida, alikuja kukaa naye wakati wa chakula cha mchana.

Jioni, Jokha alimuuliza baba yake kama kusema kweli kumesaidia chochote, ilhali mnyama amekwisha kufa.

"Kwa yule hakukusaidia, mwanangu, na ukitaka kulia, lia," baba alijibu. "Picha nzuri husubiriwa. Kama mwanga haujafika, mpiga picha ndiye anayengoja, mnyama hasogezwi. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika. Ungeniambia wakati ule nilipokuita, tungemrudisha kwenye majani, mama yake akamkuta."