Mafuta ya Nazi kwenye Ringi

Kila Jumamosi asubuhi mie na rafiki yangu Editha tunapanda kilima cha Pugu kwa baiskeli, halafu tunashuka. Yeye ana yake, mie naazima ya baba. Jumamosi ile, baiskeli ya baba ilikuwa imetoka kwa fundi Albano jana yake, na raba mpya za breki. Ishu ilikuwa kelele tu: ukibana breki, inalia.

"Zubeda, hiyo baiskeli au mbuzi anapelekwa machinjioni Vingunguti?" Editha alinitania Ijumaa jioni. Mtaa mzima ukacheka.

Sasa, bawaba ya mlango wetu ililiaga hivyo hivyo, bibi akaipaka mafuta ikanyamaza. Basi asubuhi nikachukua mafuta yake ya nazi, nikapaka ringi zote mbili, pale raba zinapobana. Zikang'aa hizo!

Kupanda kilima hakuhitaji breki. Tulipofika juu, mvua ikaanza.

"Tushuke polepole," Editha akasema. "Lami inateleza."

Nikatangulia. Nikabana breki. Kimya. Nikafurahi kidogo, mpaka nikaona mwendo haupungui. Nikabana hadi vidole vikauma, baiskeli ndiyo kwanza inakimbia. Mvua inanipiga machoni. Chini kule, mama mmoja anavuka barabara, ndoo kichwani, kamshika mwanawe mkono.

"Mama, pisha! Sina breki!"

Akasimama katikati, hajui arudi au aendelee. Kushoto nikaona rundo la mchanga wa wafyatua tofali. Nikaelekeza usukani huko, nikafumba macho.

Nilipofumbua, mdomo umejaa mchanga na goti linavuja damu. Yule mama alinifuta uso kwa ncha ya kanga, Editha akainua baiskeli.

Nyumbani baba hakuuliza mara mbili. "Raba mpya jana, leo mtoto nusura afe? Twende kwa Albano."

Kibandani walikuwepo wateja watatu. Baba akafoka mbele yao. Fundi Albano akatazama goti langu tu.

"Pole, mwanangu. Labda nilifunga vibaya."

Mteja mmoja akainuka, akaanza kukokota baiskeli yake aondoke.

"Baba, siyo fundi," nikasema. "Ni mie. Nilipaka ringi mafuta ya nazi zisilie."

Fundi akapitisha kidole kwenye ringi, akanusa. "Ya nazi kweli. Hapa tungekaanga vibua."

Wateja wakacheka, yule mmoja akarudi kukaa. Baba akamwomba fundi radhi, sauti chini.

Nikapewa sabuni na kitambaa, nikasugua ringi huku fundi akinielekeza. "Raba inashika ringi safi. Kwenye mvua, anza kubana mapema, kidogo kidogo, maji yatoke kwanza. Ikilia, niulize mie, usiulize bawaba."

Njiani nikawa nakokota baiskeli, baba kando yangu. Kisha akasema, "Zubeda, mafuta ulipaka kwa kutojua. Ila ungenyamaza pale, fundi angepoteza jina lake nawe unaujua ukweli. Hilo lingekuwa kosa kubwa zaidi."

Mtaani kwetu nikaipanda, nikabana breki. Ikalia, watu wakageuka. Nikaibana tena.