Bitana la Koti la Baba Mkwe

"Mkanda toa."

"Suruali itanivuka, Sabuni."

"Utaishikilia. Kituoni wamesema mikanda hapana, kamba za viatu hapana, manukato hapana."

"Manukato nayo yamekosa nini?"

"Yana spiriti. Kuna mtu aliwahi kuyanywa."

Fundi hakuuliza ni mtu wa namna gani anayekunywa manukato, maana mwezi uliopita yeye mwenyewe alimaliza chupa nzima ya dawa ya mkewe ya kusukutulia mdomo, akaijaza maji na kuirudisha mahali pake.

Alikuwa fundi wa makochi, na kwa mikono yake hakuwa na mpinzani. Ukimpelekea kochi lililochanika, analirudisha huwezi kuonyesha palipokuwa pamechanika. Mkewe alikuwa dobi kwenye duka la kufulia. Wakati wa uchumba alikuwa akienda karakana ya Fundi kuchukua vitambaa vya makochi vya kufuliwa, na Fundi, badala ya kumwambia ni mzuri kama wanaume wenzake, akamwambia, "Wewe unanukia sabuni." Jina likaganda hapo hapo. Alipenda kuitwa hivyo. Siku hizi alikuwa akilisikia huku amekunja uso.

Begi la Fundi lilikuwa wazi juu ya kitanda. Nyuma ya mlango kulikuwa na lingine, limeshafungwa zipu.

"Lile umeliona?" Sabuni aliuliza, akikunja shati.

"Nimeliona."

"Nisikilize basi, sitarudia. Nikikuta pombe kwenye vitu vyako leo, wewe utakwenda unakotaka, mimi nakwenda kwa dada yangu. Na sitarudi. Nimechoka kukuokota, Fundi. Nimechoka hadi kwenye mifupa."

"Hutaikuta."

"Umeshaniambia hivyo."

Simu ya Sabuni ikaita. Alikuwa muuguzi wa kituo cha kuachisha pombe, sauti yake haina haraka wala utani.

"Mama, mmefikia wapi?"

"Tunafunga begi, dada."

"Leo mwisho saa kumi. Kitanda ni kimoja, na wanaokisubiri ni wengi. Akichelewa nampigia anayefuata. Halafu kingine, mizigo inapekuliwa getini. Akikutwa na kilevi hapokelewi, mtageuza naye."

"Nimeelewa."

"Na hali yake ikoje?"

Sabuni akamtazama mumewe. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane inavyotetemeka.

"Anatetemeka."

"Mleteni. Tuna daktari, tuna dawa za kumtuliza taratibu. Kutetemeka huko kusimkute akiwa peke yake nyumbani."

Sabuni akarudi kwenye begi. Kazini kwao nguo haiingii kwenye maji kabla haijapapaswa. Unapitisha kidole gumba kwenye kila mfuko, kila pindo, kila mshono, kwa sababu kalamu moja iliyosahauliwa inaharibu nguo za watu wote. Kidole chake kilishazoea, kinafanya kazi hata akiwa anawaza mengine. Akapapasa mashati, soksi, taulo. Akapapasa hata mto.

Mwisho likabaki koti. Lilikuwa koti zito la marehemu baba mkwe, ambalo mama mkwe alilileta asubuhi wakati Sabuni yuko bafuni, akaliacha na kuondoka akisema kule kituoni usiku kuna baridi.

Kidole kilipofika kwenye pindo la nyuma, kikasimama.

Kulikuwa na kitu ndani ya bitana. Bapa, laini, kinateleza.

"Hiki nini?"

Fundi hakuinua kichwa. "Sikuweka mimi."

"Sijakuuliza nani kaweka. Nimeuliza ni nini."

"Sabuni, naapa, sikushona mimi hapo."

"Na ile ya kwenye tangi la choo nayo hukuweka wewe. Na ile ya ndani ya buti la mvua. Uliniapia zote."

Akachukua mkasi, akafumua. Vipakiti vya pombe kali vikamdondokea miguuni kimoja kimoja, vile vya kung'ata pembe na kufyonza. Walivitazama wote wawili.

"Haki ya Mungu, sikushona mimi."

"Nyamaza."

"Kwa kaburi la baba yangu."

"Mwache mzee wa watu apumzike. Umeshamwapia mpaka amechoka."

Sabuni hakulia. Akaenda nyuma ya mlango, akashika begi lake. Wakati wa kulitupa lile koti kitandani, jicho lake likaangukia pale alipofumua, kwenye kipande cha mshono kilichobaki. Akalirudia. Akalisogeza dirishani.

Uzi ulikuwa mweupe kwenye koti jeusi, umekunjwa mara mbili. Mishono mirefu, imepinda, fundo limeachwa nje. Ndugu msomaji, Fundi hata akiwa amelewa chakari hawezi kuacha fundo nje. Angeona aibu.

Akampigia mama mkwe, akaweka sauti ya nje.

"Mmeshafika, mwanangu?"

"Bado, Mama. Hili koti umelishona wewe?"

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Mama."

"Nani kakwambia?"

"Nimeuona uzi."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Baba yake naye aliacha. Mnajua hilo? Mlikuwa hamjajuana. Aliacha kwa siku moja, kwa sababu nilimfungia chumbani nikakaa na ufunguo. Alitetemeka, akaniita. Akaniita jina langu la utotoni. Sikufungua, watu walikuwa wameniambia nisimwonee huruma. Nilipofungua, alikuwa ameshanyamaza. Sasa na mwanangu mnampeleka akafungiwe. Nikasema awe na kidogo tu, cha kujiokolea."

"Mama, wakivikuta getini wanamfukuza. Kitanda anapewa mwingine."

"Sikulijua hilo."

"Na kule hafungiwi peke yake. Kuna daktari. Kuna dawa."

"Hata mimi nilidhani namsaidia baba yake."

Sabuni alitaka kukasirika, hasira ikakosa pa kukaa. Akasema, "Nitakupigia, Mama," akakata simu.

Akaliweka begi chini. Akamwendea mumewe, akapiga magoti mbele yake, akaishika ile mikono inayotetemeka.

"Nisamehe. Miaka yote hii umenidanganya, na siku uliyosema kweli nimekukatalia. Nisamehe, mume wangu."

Hapo Fundi alikuwa ameshinda. Angeweza kunyamaza, akafutwa jasho, akabebewa begi mpaka getini kwa mapenzi yote. Mwanamume aliyezoea uongo hajui kuikataa zawadi kama hiyo.

"Usiniombe msamaha," akasema.

"Kwa nini?"

"Sikushona mimi, hiyo ni kweli. Lakini nilijua."

Sabuni akaiachia mikono yake.

"Asubuhi nililipokea mimi. Lilikuwa zito upande wa chini. Nikapapasa, nikavitambua. Nikamtazama Mama, naye akanitazama. Hakuna aliyesema neno. Nikalitundika."

"Kwa hiyo ulivyokuwa unaapa..."

"Nilikuwa nachagua maneno."

"Ulinidanganya kwa maneno ya kweli."

"Ndiyo."

Sabuni akakaa sakafuni. Ilimuuma kuliko uongo wote wa nyuma, kwa sababu mara hii alikuwa amepiga magoti. Alimchukia. Na bado alimpenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Mbona sasa umesema? Nilikuwa nimeshaamini."

"Ndiyo hiyo. Ulipiga magoti. Nikaona nikiipokea hiyo samahani, nitaingia kule na kutoka kule nikiwa mtu huyu huyu."

Sabuni akampa mkasi.

"Kavimwage. Wewe mwenyewe."

Kwenye sinki la jikoni Fundi alikata pembe moja baada ya nyingine. Harufu ilijaa. Alipofika kwenye kipakiti cha mwisho mkono ukagoma, ukabaki hewani, na midomo yake ikaanza kucheza.

"Nishike," akasema. "Sabuni, nishike mkono. Tafadhali."

Akamshika kiganja kwa mikono yote miwili. Wakakiminya pamoja mpaka kikaisha, kisha Sabuni akafungua bomba, akayaacha maji yaende kwa muda mrefu.

"Begi lako unaondoka nalo?" Fundi aliuliza.

"Vaa viatu. Saa inakwenda."

Walifika kabla geti halijafungwa. Mhudumu aliyepekua alikuwa mama wa makamo, naye alipapasa kwa kidole gumba, pindo kwa pindo, mpaka Sabuni akamheshimu. Akalinyanyua koti. Bitana lilikuwa linaning'inia.

"Hili limekuwaje?"

Sabuni akatazama pembeni. Hakutaka kumsaidia.

"Limefumuliwa," Fundi akajibu. "Kulikuwa na pombe ndani. Tumeimwaga nyumbani kabla ya kuja."

Mhudumu akampima kwa macho, akalipapasa koti upya, polepole kuliko mwanzo. Halafu akalikunja na kulitia kwenye begi.

"Pita. Simu utaikabidhi pale dirishani."

Fundi akamgeukia mkewe. Suruali alikuwa ameishikilia kwa mkono mmoja, na siku nyingine wangecheka.

"Utakuja siku ya kutembelea?"

"Sijui, Fundi. Mimi leo nisikudanganye."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia. Hakugeuka.

Sabuni hakuwa amefika mbali na geti ujumbe ulipoingia.

*"Sabuni. Kochi letu la sebuleni, mkono wa kushoto, pale unapoegemea. Fumua kwa chini. Hiyo ndiyo ya mwisho. Usoni nimeshindwa kukwambia. Wananiomba simu."*

Akausoma akiwa amesimama katikati ya njia, watu wakimkwepa. Akausoma tena.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amekaa kizingitini, kiatu kimoja kimefungwa na kingine bado.

"Wamempokea?"

"Wamempokea. Njoo unisaidie, Mama."

Wakalipindua kochi. Sabuni akapitisha kidole gumba chini ya mkono wa kushoto, akapitisha tena, hakuona kitu. Mshono huu ulikuwa wa Fundi, hauna mwanzo wala mwisho. Ikabidi akate kitambaa. Chupa ilikuwa katikati ya sponji, imezungushiwa soksi isigonge mbao.

Hapo ndipo alipolia. Kila jioni alikuwa akijilaza pale akimsimulia mumewe mambo ya kazini, kichwa chake kimeegemea chupa. Kidole chake kinachogundua kila kitu cha watu hakikugundua cha kwake.

Mama mkwe alisimama mikono imemlegea.

"Mwaga wewe, Mama," Sabuni akasema, akimpa chupa.

"Mimi?"

"Wewe."

Mama mkwe akaenda nayo jikoni. Aliimwaga taratibu, akiitazama mpaka tone la mwisho, akabaki ameishika ikiwa tupu.

"Usiku huu atatetemeka?"

"Atatetemeka sana."

"Akiita?"

"Kuna watu, Mama. Watamwitikia."

Mama mkwe akaiweka chupa chini, akajifuta uso kwa kiganja. Sabuni akaenda chumbani, akalivuta begi lake kutoka nyuma ya mlango na kufungua zipu. Akatoa gauni la kulalia, moja tu, akaifunga zipu tena.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anamwangalia.

"Na zingine, mwanangu?"

"Kesho nitatoa sare ya kazi," Sabuni akasema. "Hizo nyingine bado sijui."