Madebe Manne Yaliyobaki Shambani

Jumamosi hiyo Rozina aliamka amechoka vilevile kama alivyolala. Wiki nzima, kila akitoka shule, alikuwa akipukuchua mahindi na mama yake huko shambani, nje kidogo ya Izia. Vidole vilimvimba na upepo wa Juni ulimpasua midomo.

Mama yake, Albina, alikuwa ameshatangulia shambani. Jana yake alimwambia, "Tumepima madebe sitini na nne. Gunia moja linaingia madebe sita. Piga hesabu, uje na magunia ya kutosha. Mkokoteni wa Modesti ukipakia unaondoka, na jioni ng'ombe wanafunguliwa mashambani. Kitakachobaki ni chao."

Rozina hakuwa na nguvu ya kugawanya. Akakumbuka somo la Mwalimu Atusaye la kukadiria namba katika makumi ya karibu: tarakimu ya mwisho ikiwa chini ya tano, shusha.

"Sitini na nne inashuka, inakuwa sitini," alijisemea. "Sitini kwa sita, kumi. Kwisha kazi!"

Akakunja magunia kumi na kuyaacha mengine stoo. Njiani alijisifu kwa werevu wake, maskini.

Mchana magunia yote kumi yalijaa, yakashonwa na kupakiwa. Juu ya turubai bovu bado kulikuwa na lundo la mahindi.

"Magunia mengine yako wapi?" mama yake aliuliza.

"Mama, nilikadiria kama tulivyofundishwa."

"Ala! Na haya umekadiria nani ayale?"

Modesti alikuna kichwa. "Mama Rozina, ningeyamwaga humuhumu, ila mbao za mkokoteni zimeachana. Tutapanda mahindi barabara nzima. Na kuna wateja kule Kizwite wananisubiri." Akawaswaga ng'ombe wanaovuta mkokoteni, akaondoka.

Hapakuwa na la kufanya ila kubeba. Mama alijitwika debe zima, Rozina nusu debe kwenye ndoo. Wakaenda nyumbani, wakarudi, wakaenda tena, safari tatu. Shingo ilimuuma Rozina, na machozi yalimtoka bila sauti. Walipozoa punje za mwisho, ng'ombe wa kwanza walikuwa tayari wanaingia shambani.

Usiku walikula ugali. Rozina akauliza, "Mama, kwani mwalimu alitudanganya?"

"Hapana, mwanangu. Kukadiria kunakuonyesha jibu linakaribia wapi, ni jambo zuri. Lakini ulipoishusha namba, yale madebe manne hayakwenda popote. Yalikuwa palepale yanatusubiri." Mama alijikanda bega. "Ukikadiria vyombo vya kubebea, panda juu. Ukikadiria chakula kilichopo ndani, shuka chini. Na kabla hujakunja magunia, jiulize: nikikosea, atabeba nani?"

Rozina akaishika shingo yake. Jibu alikuwa nalo.

"Haya," mama alisema, sasa akitabasamu kidogo. "Wiki ijayo tunatoa maharage shambani. Yakipatikana madebe kumi na matatu, utaleta magunia mangapi?"

Rozina alifumba macho, akagawanya polepole mpaka mwisho. Mawili yanajaa, na debe moja linabaki.

"Matatu, mama," alisema, na usingizi ukamchukua palepale, tonge likiwa bado mkononi.