Sifuri za Ayak

Ayak alikuwa na saa moja tu ya kwenda soko la Konyo Konyo na kurudi. Katikati ya saa hiyo akagongana na mwanamume aliyekuwa akitembea macho mbele kama askari wa gwaride, midomo ikimchezacheza.

"Mia nne na kumi na moja, mia nne na kumi na... Aa! Dada, umeniharibia!"

"Nimekuharibia nini? Si wewe umenikanyaga?"

"Hesabu! Mimi iko nahesabu hatua."

Bamia za Ayak zilikuwa zimetawanyika vumbini. Wakaziokota pamoja. Mwanamume alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na kiunoni, kwenye mkanda wa lastiki, alikuwa na kikasha chekundu kidogo kama kiberiti. Alisema anaitwa Erifazi, Mganda wa Iganga, na kwamba kikasha kile hupima jinsi mtu anavyojongea kutwa. Kila asubuhi yeye hutembea akihesabu kwa mdomo, kisha hulinganisha na kifaa aone kama kinasema kweli.

"Ukiuliza watu wanatembea kiasi gani, wote wanajisifu," alisema. "Hii haijui kujisifu."

"Hiki hakijui," Ayak alimsahihisha. Alikuwa amekulia Kitale, na masikio yake hayakuvumilia. "Kiswahili chako nacho kipimwe."

Erifazi akacheka mpaka muuza bamia akageuka. Yeye na wenzake wa utafiti walikuwa wakitafuta watu wazima mia mbili wa Juba wa kuvaa vikasha siku saba. Ayak akajiandikisha papo hapo, akaondoka na kikasha chini ya gauni lake la kitenge cha kijani. Habari za nyumbani hakuzigusa.

Nyumbani, Munuki, kulikuwa na baba yake, mzee Kuany, aliyepooza upande mmoja miaka miwili nyuma. Mzee hakupata usingizi ila kichwa chake kikiwa kwenye paja la bintiye. Ayak akitikisika kidogo, mzee alishtuka akalia kama aliyetupwa. Basi kila mchana, kwa saa tano nzima, Ayak aliketi kitandani mgongo ukutani, akitazama dirisha lile lile. Kazi ya mapokezi kwenye hoteli huko Thongpiny aliiacha. Kaka yake Mawien, aliyekuwa Nairobi, alipiga simu kila Jumapili: "Usimwache mzee hata dakika, dada yangu." Ile saa moja ya soko, jirani yake Helen akimshikia mzee, ndiyo ilikuwa dunia yake yote.

Sasa simu nyingine, ya Erifazi, ikaanza kuita jioni.

"Umevaa?"

"Nimevaa. Umekula?"

"Posho na maharage. Leo umetembea wapi, mrembo?"

"Nimezunguka mji mzima."

"Mbona unanong'ona?"

"Niko katikati ya watu."

Alimpenda Erifazi, na alimpenda pia yule Ayak wa kwenye simu, mwanamke mwenye miguu yake, anayekwenda atakako.

Siku ya nane alirudisha kikasha. Kesho yake Erifazi akapiga, sauti imebadilika.

"Ayak, kila siku kompyuta imeandika saa tano hukuvaa. Sifuri tupu. Si ulisema umezunguka mji?"

"Nilivaa."

"Ungesema tu umechoka nayo. Mimi hapa nakuamini, kumbe unanichezea."

Kumjibu kulikuwa kumfungulia mlango wa chumba kile. "Andika unachotaka," Ayak alisema. Akakata simu, akaizuia namba yake. Alitaka kwenda kulia mbali, lakini mzee alikuwa amelala pajani mwake. Akalia pale pale, bila kutikisa mabega.

Siku kumi baadaye, mchana, hodi ikapigwa. Erifazi alisimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi. Fomu ya kujiandikisha ilimfikisha Munuki, na Helen ndiye aliyemwelekeza nyumba. Akamwona mzee, akaona paja, akaona mgongo ulioegemea ukuta.

"De munu?" mzee akauliza kwa Kiarabu cha Juba, akitaka kujua huyu ni nani.

"Mgeni wangu, baba. Lala."

Erifazi alingoja mpaka mzee akasinzia, kisha akachuchumaa kando ya kitanda. "Nilirudia namba zako," alinong'ona. "Kompyuta ikiona saa nzima hakuna mwendo, inasema hukuvaa. Lakini kifaa ikiwa mezani inalala chali. Yako ilikuwa wima, siku zote saba. Kuna mtu alikuwa amekaa nayo. Mimi sikujua mtu anaweza kutulia hivyo. Unisamehe."

"Nami nilikudanganya kuhusu mji. Sasa umeona. Nenda zako."

"Nionyeshe namna ya kukaa."

Kubadilishana nafasi kulichukua muda mrefu, inchi kwa inchi. Mzee akafumbua jicho, akaguna, akalifumba. Ayak akasimama katikati ya chumba hajui aipeleke wapi mikono yake. Akatoka hadi barabarani, akanunua chai kwa mama wa kona, akainywa akiwa wima, kisha hofu ikamrudisha mbio.

Mzee alikuwa amelala fofofo. Jasho lilimtiririka Erifazi usoni na hakulifuta.

"Wenzangu wanaenda Wau Jumatatu," alisema. "Nimeomba nibaki ofisi ya hapa. Nataka nikuoe, Ayak."

"Ukinioa mimi umeoa chumba hiki."

"Naiona."

"Hukioni. Umekaa nusu saa tu."

Ayak akamtazama, kisha akachukua simu akampigia Mawien.

"Kaka, naolewa. Uje ukae na mzee."

Mawien akaanza: kazi, watoto, nauli. Ayak akamwacha aseme yote, hakurudi nyuma. Mwishowe kaka akashusha pumzi. "Wiki mbili. Desemba. Zaidi ya hapo sitaweza."

Miaka miwili yote Ayak hakuwahi kumwomba.

"Wiki mbili," akamwambia Erifazi. "Zikiisha narudi hapa ukutani."

"Ukuta ni mrefu," Erifazi alisema polepole, mzee asiamke. "Tutatosha wawili."

Ayak akapanda kitandani taratibu, akaegemea kando yake bega kwa bega, akamwambia ndiyo.