Wifi Aliyeikataa Kesi

Asubuhi hiyo cherehani ya mshonaji ilikimbia. Alikuwa akipiga pindo sare za shule, na kwa mara ya kwanza alijisikia mwepesi tangu binti yake aseme alichotendewa na mwalimu wa tuisheni. Polisi walikwisha kumkamata mwalimu. Na mwendesha mashtaka aliyepangiwa kesi ni nani? Wifi yake mwenyewe, dada wa mumewe.

"Kesi imeangukia kwa wenyewe," alimwambia mumewe. "Hapo hachomoki."

Mchana wifi akaingia, akavuta kigoda.

"Wifi, kesi ya mtoto siishiki. Nimemwambia mkuu wangu aipeleke kwa mtu asiyetujua."

Mguu wa mshonaji ukakwama kwenye kikanyagio.

"Kumbe undugu wetu ni wa arusini tu?"

"Nitukane baadaye, mawifi tumezoea. Nijibu kwanza. Ningekuwa dada wa yule mwalimu, ungekubali mimi ndiye nimshtaki?"

"Wewe? Si ungemficha kwapani."

"Haya. Na wakili wake ataniona vivyo hivyo. Atasema shangazi ana kisasi, shangazi kamlisha mtoto maneno. Hakimu atakuwa ananipima mimi badala ya kumsikiliza mtoto. Kesi ikiharibika hapo, mwalimu anarudi mtaani."

Mshonaji aliichomoa sare kwenye cherehani. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, ila maneno yalikuwa yameingia.

"Sasa sisi tusiosoma sheria tutajuaje mambo haya?"

"Kwa kuuliza. Awe polisi, awe mwendesha mashtaka, awe hakimu. Ana undugu, urafiki au biashara na upande wowote? Kama anao, mwelezeni mkubwa wake, ombeni abadilishwe. Ni haki yenu. Si utovu wa adabu."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki shangazi. Habari za kesi sitamgusia mtoto hata kidogo."

Mwendesha mashtaka mpya alikuwa mama mpole, mgeni kabisa kwao. Siku ya kwanza aliongea na mtoto habari za paka tu. Siku ya ushahidi mtoto alisema akiwa chumba cha faragha, bila kumwona mwalimu. Mama yake aliruhusiwa kukaa karibu.

Wakili wa mwalimu akatafuta ufa. "Shangazi yako anafanya kazi ya mashtaka. Ndiye aliyekufundisha kusema haya?"

"Hapana," mtoto alisema. "Shangazi hataki hata kuniuliza mambo haya. Akija ananisuka, ananiuliza hesabu. Nakosa, ananicheka."

Wakili akaketi.

Hukumu iliposomwa, mwalimu alifungwa jela. Mshonaji alitoka nje, akamkuta wifi yake kwenye benchi la ukutani. Muda wote hakuingia ndani. Mshonaji alikaa ubavuni pake, akamshika mkono.

"Wamemwamini, wifi," alisema. "Mwanangu wamemwamini."