Mwanya wa Mama

Kila asubuhi kabla ya skuli, Bibi Tabia wa Malindi hukaa barazani akikata ndimu za mchuzi wake wa urojo, na kila asubuhi swali lake kwa mjukuu wake ni lile lile.

"Nadra! Ushapiga mswaki?"

"Naam, Bibi! N'shapiga!"

Uongo mtupu. Nadra ameulowesha mswaki bombani, akaukung'uta na kuurudisha koponi. Mswaki ulikuwa ukioga kila siku. Meno ndiyo yaliyokuwa hayaoni maji.

Haja ya nini? Alikuwa na miaka kumi na miwili, na meno yake yalikuwa meupe, manene, magumu. Kati ya mawili ya mbele palikuwa na mwanya, mwanya wa mama yake, Radhiya, aliyefariki Nadra akiwa na miaka sita. Majirani wakimwona anacheka husema, "Radhiya huyo!" Bibi naye hakuchoka kuhadithia: "Mama yenu alikuwa na meno ya mawe. Akivunja kokwa za kungu kwa meno, mtaa mzima wanatazama!"

Mdogo wake, Khairat, wa miaka tisa, hakubahatika hivyo. Meno yake yaliota na mabaka ya manjano, na moja limemeguka pembeni. Nadra alimwita Chaki.

"Chaki, upepo huo! Funga mdomo yasije yakavunjika!"

 Khairat alikwenda bombani, akapiga mswaki asubuhi na usiku kama alivyoagizwa na daktari, machozi yakichanganyika na povu.

Nadra alipenda ubuyu wa sukari. Akishapanda kitandani, hubana punje nyuma ya meno ya mbele na kuimumunya mpaka usingizi umchukue. Siku moja akaona doa jeusi pembeni mwa mwanya. Hakumwambia mtu. Akaanza kucheka huku amejifunika mtandio. Doa likawa shimo. Shimo likaanza kuuma. Asubuhi moja Bibi aliuliza swali lake, na "Naam" haikutoka: mdomo wa juu ulikuwa umevimba kama andazi.

Kwenye kliniki, Daktari Bahiya alimulika lile jino.

"Limeanza lini kuuma?"

"Kabla ya mfungo."

"Ungekuja wakati ule tungeliziba, mwanangu. Sasa limekwisha. Sina budi kuling'oa."

"Usiling'oe!" Nadra alishika mkono wa daktari kwa mikono miwili. "Hilo la mama! Tena meno yangu magumu. Mwenye meno mabovu ni Khairat. Kwa nini lioze langu?"

Daktari akaweka taa chini. "Jino kwa nje limejengwa kwa madini. Meno ya Khairat yalipokuwa yakijijenga yalikosa madini ya kutosha, kwa hiyo yakiachwa machafu huoza upesi. Yako yamekamilika. Lakini vijidudu vya mdomoni hula sukari, vikatoa asidi, na asidi huyayeyusha madini hayo. Jino gumu huchelewa tu kuoza. Halikatai."

"Kama barazani kwangu," Bibi akasema taratibu. "Saruji ile hata nyundo haiitii alama. Pale ninapokatia ndimu pamechimbika kwa ukali wa maji yake."

"Ndivyo hasa, Bi Tabia."

Jino likang'olewa.

Nyumbani Nadra alijitazama kwenye kioo. Mwanya haukuwapo, palikuwa na pengo. Alijaribu kucheka amtafute mama yake, hakumwona. Akajifunika kanga ya mama yake, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Khairat aliingia. Nadra alingoja kusutwa, na alijua anastahili. Lakini mdogo wake alimshika bega tu.

"Linauma, dada?"

"Jino haliumi tena. Khairat, nisamehe. Sitakuita tena jina lile."

Khairat akatabasamu. Na pale, katikati ya mabaka ya manjano, ulikuwapo mwanya ule ule. Miaka yote hiyo Nadra alikuwa akimcheka bila kumtazama.

Bibi akakaa kitandani katikati yao, macho mekundu.

"Na mimi nina kosa," akasema. "Mama yenu alivunja kungu siku moja moja, kunichokoza tu. Lakini mswaki wa mti haukutoka kwenye pindo la kanga yake; kila akila, kila akitaka kuswali, anausugua. Nikakuhadithieni meno, nikasahau mswaki. Meno magumu ni bahati, wajukuu zangu. Kuyatunza ni kazi, na kazi hiyo haimsamehi mtu. Mkibisha, tazameni yangu yanapolala." Akaonyesha bilauri ya meno yake ya bandia dirishani. Wote watatu wakacheka, na machozi yakiwatoka.

Asubuhi sauti ikatoka barazani.

"Nadra! Ushapiga mswaki?"

"Bado, Bibi. Nnamngojea Khairat."

Wakasimama bombani pamoja. Nadra alisugua taratibu, akalikwepa pengo. Walipomaliza, akamgeukia mdogo wake.

"Cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, Khairat. Nnataka kumwona mama."